Nani Anamtegemea Nani

Jumatatu, 8 Septemba

Matone saa kumi na mbili asubuhi. Jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha malalamiko. Baba anasema dawa hii inachoma kuliko ile ya mwezi uliopita. Ni ile ile. Nikamwambia ni dawa, si soda. Akanikumbusha kwamba nikiwa mdogo nilidungwa sindano nikalia hadi nikasikika sokoni Kasikeu. Yuko mbele kwa bao moja, kama kawaida.

Uji. Mbuzi. Saa mbili nikaingia kazini, yaani nikahamia upande wa pili wa meza ya chakula, laptopu juu ya kitambaa alichofuma marehemu Mama. Kazi yangu ni kuwajibu wakutubi wa Ulaya wakikwama kwenye programu ya maktaba. Leo kuna mmoja alikuwa amejifungia nje ya mtandao wa maktaba yake mwenyewe. Nikamfungulia. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, miwani imefungwa kwa uzi, kuku akipita chini ya kiti.

Maombi yetu ya viza ya Ureno yako Nairobi tangu wiki jana. Sina la kufanya ila kungoja. Sijui kungoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye.

Kampuni imebadilisha kanuni. Anayeshika taarifa za wateja lazima aishi katika nchi iliyo kwenye orodha yao. Kenya haimo. Mwisho ni Desemba. Ureno imo, na Ureno inawapa viza watu wa kazi za mtandaoni. Unaruhusiwa kwenda na mzazi, mradi uthibitishe kwamba anakutegemea.

Nisipohama, kazi imekwisha. Kwa umri wangu sioni nyingine. Na siwezi kumwacha Baba. Ana presha ya macho. Jicho la kulia limebakisha kivuli, la kushoto lina mwanga kiasi, na daktari alisema matone yakikatika hata huo mwanga utakwenda. Hawezi kujitilia. Alijaribu mara moja akanyunyizia nyusi.

Kwa hiyo tunakwenda wawili au hatuendi.

Baba alifundisha historia miaka thelathini na minne. Anasema Wareno tuliwafukuza Mombasa, na sasa tunawafuata hadi kwao, sijui tumesahau nini huko. Lakini amekubali. Kanisani ametangaza kwamba anampeleka binti yake Ulaya kikazi. Anampeleka. Nilicheka hadi nikakohoa.

Jumanne, 16 Septemba

Barua pepe kutoka ofisi ya viza. Ya adabu sana. Wanasema kwamba kulingana na barua ya utawala wa kwetu, mwombaji ndiye anayemtegemea baba yake, wala si baba anayemtegemea mwombaji. Wanaomba barua nyingine yenye maelezo sahihi kabla ya tarehe tisa Oktoba.

Nikafungua ile barua ya naibu chifu. Kwa mara ya kwanza. Ameandika kwamba anamjua Mwalimu kama mkazi mwaminifu na mzee wa kanisa. Kwamba binti yake Wayua, ambaye hajaolewa, anaishi katika boma la babake na yuko chini yake kwa chakula, malazi na mahitaji yote. Kwamba Mwalimu ana uwezo wa kuendelea kumtunza hata ng'ambo. Sahihi. Muhuri.

Ninalipwa kusoma shida za watu hadi mstari wa mwisho. Yangu niliipasua bahasha, nikaipiga picha, nikaituma. Mjinga.

Nikacheka peke yangu. Baba akauliza kutoka uani kuna nini. Nikasema ni mkutubi. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki nikiangalia ule muhuri.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda kwa naibu chifu. Anaitwa Mutuku, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Baba darasa la sita. Hakuona kosa lolote. Alisema ameandika jambo linalojulikana na kata nzima.

"Madam, kwani wewe unafanya kazi wapi?"

"Nyumbani."

"Na hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya Baba."

"Sasa."

Nikamweleza mambo ya laptopu. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Kisha akalegea kidogo. Atabadilisha barua, lakini Mwalimu aje mwenyewe aseme, kwa kinywa chake, hapo ofisini. Yeye hawezi kuandikia Ulaya kwamba mwalimu wake analishwa na msichana kwa kusikia neno la huyo msichana.

Msichana ni mimi. Nilifurahi kwa nusu dakika.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani. Mchungaji aliomba kwa ajili ya safari ya Mwalimu na "mzigo anaoubeba". Mzigo ulikuwa kwenye benchi la tatu, umevaa gauni la kijani linalobana.

Kosa ni langu. Niliporudi kutoka Nairobi miaka kumi na miwili iliyopita, ndoa imekwisha, Mama amezikwa juzi, Baba alikuwa amestaafu mwaka huo huo. Alikuwa anashinda kwenye kiti akiangalia barabara. Hakuna mtoto wa kumkemea, hakuna kengele. Nilipopata kazi hii nikaanza kumpa yeye kiondo na pesa, aende sokoni, arudi amebeba. Fundi wa paa nikamtuma kwa Baba. Tangi la maji likaja, nikamwambia dereva amtafute Mwalimu atie sahihi. Akaanza kunyooka. Akaanza tena kufunga tai siku za kazi. Watu wakasema Mwalimu amemchukua binti yake aliyeachika, anamtunza vizuri. Sikusema kitu. Yeye pia hakusema kitu. Hatujawahi kulitaja hata siku moja.

Sasa nimwambie aende akavue hiyo tai mbele ya mwanafunzi wake.

Sijaweza leo. Nilipika muthokoi. Alisema mahindi hayajaiva. Yalikuwa yameiva.

Jumatano, 24 Septemba

Kaka yangu Kioko amepiga simu kutoka Kitui, anauza chakula cha kuku mjini. Anasema mbona ninajisumbua. Niende Ureno peke yangu, Baba akae kwake. Mke wake Kanini amekubali. Chumba kipo.

Nilikasirika kwanza. Kisha nikaona kwamba hasira hiyo ni ya mtu anayetamani kusema ndiyo. Hakuna barua. Hakuna naibu chifu. Baba anabaki Mwalimu.

Nikasema tujaribu siku nne.

Ijumaa, 26 Septemba

Kioko amemchukua Baba kwa pikapu. Nilishamfundisha Kioko kwa simu, mara tatu, jinsi ya kutia matone, nikampa na karatasi ya maelekezo. Baba alikaa mbele na kofia, akaniaga kwa mkono kama mkaguzi wa shule anayemaliza ziara.

Nyumba kimya. Nimefanya kazi bila kuulizwa hata mara moja kama wazungu wameamka. Nilidhani nitafurahia.

Jumanne, 30 Septemba

Amerudi. Macho mekundu yote mawili, la kushoto limevimba.

Kioko alikuwa akitoka kwenda dukani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Matone yakabaki kwa Kanini. Kanini ni mwanamke mwema kabisa, lakini ni mke wa mwana. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana nthoni, ile haya ya heshima. Hawapishani kwenye mlango mwembamba. Sasa amshike kichwa, amfunue kope, ainame juu ya uso wake? Kanini alisimama mlangoni na chupa. Baba alikaa kitandani. Wakasalimiana. Kila mmoja akamwonea mwenzake huruma, chupa ikarudi kabatini. Siku nne hivyo. Walimficha Kioko, eti wasimwudhi.

Kaka yangu na mimi tulizaliwa na kulelewa hapa na hatukuliwazia. Wasomi.

Mimi Baba hanionei haya kwa sababu nimeitwa jina la mama yake. Huniita mwaitu, mama yangu, tangu nikiwa kwenye nepi. Mama anaruhusiwa kushika kichwa.

Kitui imekwisha. Zimebaki siku tisa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Daktari wa Sultan Hamud amesema tuna bahati, uvimbe utashuka. Amenigombeza mimi. Nilistahili.

Tulipofika nyumbani nikamwambia Baba yote. Nilimsomea barua ya Mutuku, kisha ile ya ofisi ya viza. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Nikamaliza kwa kusema kwamba si lazima, naweza kutafuta kazi nyingine.

Akauliza kama mbuzi wamenyweshwa. Akatoka. Alikaa kwenye zizi mpaka jua likageuka. Kupitia dirishani nilimwona akiwahesabu kwa kuwagusa mgongo, mmoja mmoja, mara mbili.

Ninajichukia leo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Matone. Hakulalamika kwamba yanachoma.

Ningelipia alalamike.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nilimpa kiondo aende sokoni kama kila Jumamosi. Alikiangalia. Akakiweka mezani polepole, akasema leo miguu haitaki. Nikaenda mwenyewe. Watu watatu waliniuliza Mwalimu ni mgonjwa. Nikasema ni miguu.

Nimeandika barua pepe ya kuondoa maombi. Sijaituma. Iko kwenye rasimu, mistari miwili.

Jumatatu, 6 Oktoba

Niliamka nikamkuta amevaa suti ya kijivu, ile ya kustaafia. Tai. Viatu vimepakwa rangi, kimoja zaidi ya kingine kwa sababu ya jicho. Akasema, "Mwaitu, twende." Sikuuliza wapi.

Ofisini kwa Mutuku kulikuwa na watu kwenye benchi nje, sita au saba, wengi wa kanisa letu. Walisimama kumsalimu. Aliniambia nikae nao. Akaingia. Mlango aliuacha wazi, na mtu aliyefunga milango ya madarasa miaka thelathini na minne haachi mlango wazi kwa bahati mbaya.

"Mutuku. Uliandika barua."

"Niliandika, Mwalimu."

"Ina kosa. Mstari wa tatu. Umesema binti yangu yuko chini yangu. Geuza. Ni mimi niko chini yake."

Kwenye benchi mtu aliacha kutafuna muwa. Mutuku alishusha sauti, akasema kitu kama, Mwalimu, si lazima tuseme yote, tunaweza kupata maneno ya katikati. Baba hakushusha yake.

"Andika yote. Chakula ni chake. Paa ni lake. Haya macho yanaona kwa mkono wake. Nilikuacha uamini vingine kwa sababu nilipenda kusikika hivyo."

Mimi nilikuwa ninaangalia viatu vyangu. Mama mmoja pembeni yangu alinishika goti. Sikumtazama, ningelia, na mimi nikilia ninatoa sauti ya punda.

Kilichofuata kilichukua saa nzima. Mutuku alichapa, Baba akamtaka asome kwa sauti, akamrudisha aya ya pili, akamwambia sentensi moja imechoka. Mara ya nne Mutuku alisema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa darasa la sita. Muhuri. Nikaisoma hapo hapo, kila neno, nimesimama juani.

Karibu na nyumbani alinishika mkono kwa ajili ya mawe. Kwa kawaida huwa anasema ni mimi ninayehitaji kushikwa.

Nimetuma barua. Rasimu nimeifuta.

Jumapili, 12 Oktoba

Habari ilitangulia kanisani kabla yetu. Mlangoni mama mmoja akanitania kwamba kumbe tajiri ni mimi na ninavaa gauni moja miaka yote. Nikamwambia ndiyo maana ni tajiri.

Lakini baada ya ibada kamati ya ujenzi wa kanisa walikuja kwangu kuomba mchango. Moja kwa moja. Baba alikuwa amesimama hapo, mkono umeshaanza kunyooka kuwasalimu, wakampita. Hawakukusudia ubaya. Alijifanya anarekebisha kofia.

Hilo ndilo nililokuwa ninaliogopa. Limekuja, na ni dogo kuliko nilivyoogopa na linauma zaidi.

Tulipokuwa tunarudi nikamwomba msamaha. Akasema sasa nitajua taabu ya kuwa Mwalimu: kamati haina aibu, na ile ya ujenzi ndiyo mbaya kuliko zote. Akacheka. Nusu ya kicheko. Nikaipokea.

Jumatano, 19 Novemba

Viza zimetoka. Mbili.

Nilikuwa kazini, mkutubi akingoja jibu. Nilimwambia asubiri dakika moja, nikakaa dakika kumi.

Baba alitaka kugusa pasipoti yake. Alipapasa ukurasa wa viza kwa kidole gumba. Akauliza imeandikwaje. Nikamsomea, pamoja na ile sehemu inayosema kwamba anaambatana nami. Akasema Kiingereza chao si kibaya.

Jumatatu, 22 Desemba

Kioko na Kanini wamekuja kuchukua mbuzi. Kanini alileta kuku wawili waliokaangwa, akamwekea Baba sahani akiangalia pembeni, naye akashukuru akiangalia pembeni. Wanapendana sana hao wawili, kwa mbali.

Baba aliwataja mbuzi mmoja mmoja, na tabia zao, na nani asifungwe karibu na nani. Kioko aliandika kwenye simu. Pikapu ilipoondoka Baba alibaki amesimama kwenye lango lililo wazi. Nikamwacha. Nilikuwa na sufuria za kuosha, na hata kama singekuwa nazo.

Jumamosi, 17 Januari

Wiki ya tatu. Mji mdogo, kusini mwa Lisboni. Ghorofa ya kwanza. Baridi ya hapa haiko nje, iko ndani ya nyumba. Hakuna aliyenionya.

Kazi inaendelea. Wakutubi ni wale wale. Hawajui nimehama.

Baba hutembea na fimbo hadi kwenye uwanja mdogo wa chini, anakaa na wazee wawili wa hapa. Hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake. Jana alirudi akasema walijadili mvua.

Leo asubuhi alikuwa anakunywa chai. Bila kuinua uso akasema, "Mwaitu, hii sakafu ni barafu. Ninunulie viatu vya ndani."

Miaka kumi na miwili hajawahi kuniambia neno hilo, ninunulie. Husema nyumba haina sukari. Husema taa imezeeka. Huliacha jambo hewani, mimi nalidaka, na hakuna aliyeomba.

Nikamuuliza namba. Akasema tisa, na visiwe vyekundu, yeye si mchumba wa mtu.

Dukani nilikuta tisa yetu ni arobaini na tatu yao, na vya arobaini na tatu vilivyobaki ni vyekundu tu, vyenye manyoya ndani. Nilizunguka maduka mengine mawili. Nikarudi nikavichukua hivyo.

Alivishika, akavisogeza karibu na jicho la kushoto, akasema haya ndiyo malipo ya uzee. Kisha akavivaa.

Sasa anatembea kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi. Amesharudi mara tano. Sisemi kitu.